Sava Inapochoka: Uchunguzi wa Uthabiti wa Kadi ya Mtandao katika Sava yenye Shughuli Nyingi

1.0 Utangulizi

"Mtandao umepotea." Kauli hii imezoeleka mno katika ofisi za Nairobi, tangu katikati ya jiji hadi mitaa ya magharibi kama vile Kileleshwa, Kilimani na Lavington. Wapo wanaosema kuwa sava imelala, wengine husema mitambo imegoma. Kwa mtu aliye kwenye foleni kauli hizi zina maana moja tu, yaani angoje au arudi kesho. Kwa fundi anayetakiwa kuirekebisha hali hiyo, hata hivyo, hazina maana yoyote, kwa sababu zinataja matokeo na kuficha chanzo.

Makala haya yanalenga kueleza chanzo kimoja ambacho hulaumiwa sana na kueleweka kidogo, nacho ni kutokuwa thabiti kwa kadi ya mtandao katika sava yenye shughuli nyingi. Hoja yetu ni kwamba kadi inayoanguka kazi inapozidi mara nyingi si mbovu, bali ni mahali ambapo ubovu wa kitu kingine hujitokeza. Anayetaka kuujua ukweli hana budi kuhesabu, kutenga sehemu moja na nyingine, na kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Aidha, tutaonyesha kwamba kazi hii ni ya lugha kama ilivyo ya mitambo, kwa kuwa huwezi kutenga usichoweza kukitaja.

Msomaji wa jarida hili huenda akauliza mada hii inamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba neno lenyewe limekwisha kutoka katika vyumba vya mafundi likaingia sokoni. Mwaka 2017, katika kesi ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa urais, Mahakama ya Juu ya Kenya iliiagiza tume ya uchaguzi iruhusu sava zake zikaguliwe. Tarehe 1 Septemba mwaka huo mahakama iliyafuta matokeo hayo. Tangu wakati huo "fungua sava" ni usemi unaofahamika hata na asiyewahi kuiona sava kwa macho. Jamii inapogombania neno kiasi hicho, ni wajibu wa wataalamu wa lugha kulieleza linachokitaja.

2.0 Msongamano Ulivyohamia Ndani ya Jengo

Kabla ya kuifungua sava, inafaa tutazame kwa nini tatizo hili limekua katika nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya ilifikia intaneti ya ulimwengu kwa njia ya setilaiti. Setilaiti za aina hiyo huwa angani umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo ombi na jibu lake vilichukua kama nusu sekunde kwenda na kurudi, hata mawimbi yakisafiri kwa mwendo wa nuru. Hata barua pepe iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni jirani ingeweza kuzunguka ng'ambo kabla ya kufika. Ili kuondoa mzunguko huo, kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP kilianzishwa mwaka 2000, kikafungwa kwa mgogoro wa leseni, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Vyuo vikuu navyo vilikuwa vimeanzisha mtandao wao wa pamoja, KENET, mwaka 1999.

Katika mazingira hayo njia ya kwenda nje ilikuwa nyembamba kama koo la chupa. Kadi ya mtandao katika sava haikuwa na kazi ya kuichosha, kwani data zilifika kwa matone. Hali ilibadilika mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, zikifuatwa na EASSy mwaka 2010. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa, iliyokuwa Ujerumani, ilihamishiwa Kenya. Leo hii nyaya za mwanga zimepita katika barabara za Kileleshwa, ambako nyumba nyingi za zamani zenye bustani zimebomolewa kupisha maghorofa na ofisi.

Matokeo yake ni kwamba koo la chupa limehama. Zamani msongamano ulikuwa njiani, nje ya uwezo wa fundi wa ofisi. Siku hizi, mara nyingi, umo ndani ya jengo, mlangoni pa sava yenyewe. Si kwamba matatizo ya nje yamekwisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na Afrika Mashariki nzima ikaathirika. Tarehe 27 Julai 2023 huduma ya serikali ya eCitizen ilikwama kwa mashambulizi ya makusudi, mafuriko ya maombi yakiwa yametumwa ili kuilemea. Lakini aliyezoea kulaumu bahari hukawia kutazama mlango wake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

3.0 Kadi ya Mtandao na Kazi Yake

Sava ni tarakilishi kama nyingine, ila kazi yake ni kuhudumia tarakilishi nyingine zinapoomba. Kadi ya mtandao ni kipande cha mtambo kinachoiunganisha sava hiyo na kebo. Data hazisafiri kama mto unaotiririka, bali hukatwakatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti hufungwa ndani ya bahasha iitwayo fremu. Fremu ya kawaida ya Ethernet haipungui baiti 64 wala haizidi baiti 1,518, ukiacha alama za mwanzo na nafasi inayotenganisha fremu moja na nyingine.

Tuzitazame hesabu, kwa kuwa ndizo zitakazotueleza kwa nini shughuli nyingi huzua matatizo ambayo shughuli chache huyaficha. Kebo ya gigabiti 1 kwa sekunde ikijazwa fremu kubwa kabisa hupitisha fremu 81,274 kila sekunde. Ikijazwa fremu ndogo kabisa, hupitisha 1,488,095. Maana yake ni kwamba idadi ya baiti haitoshi kutuambia mzigo ni mzito kiasi gani. Sava inayotuma filamu kubwa yaweza kuwa na kazi nyepesi kuliko inayojibu maswali mafupi ya maelfu ya watu, ingawa ya kwanza ndiyo inayotumia baiti nyingi zaidi.

Fremu inapofika, kadi huiweka katika kumbukumbu, kwenye orodha ya nafasi zilizopangwa kwa mzunguko. Mafundi huiita pete, kwa sababu nafasi ya mwisho ikijaa kadi hurudi kwenye ya kwanza. Kisha kadi hukikatiza kichakataji kazi iliyo mikononi mwake na kukijulisha kwamba kuna mgeni.

Kitendo hiki cha kukatiza hueleweka vyema kwa mfano wa hodi. Mama yuko jikoni anasonga ugali. Mgeni anabisha, "Hodi!" Mama anaacha mwiko, anatoka, anasema "Karibu," kisha anarudi jikoni. Wageni wakiwa watatu kwa siku, utaratibu huu una heshima na unafaa. Wakiwa elfu moja kwa dakika, kila mmoja na hodi yake, mama atashinda mlangoni. Ugali utaungua, na wageni wote waliokaribishwa watalala njaa. Cha ajabu ni kwamba mama huyo hakupumzika hata kidogo.

Hali hii imechunguzwa kitaaluma. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan waliandika kuhusu mashine inayotumia muda wake wote kupokea pakiti hata isiwe na muda wa kuzishughulikia. Kwa nje mashine hiyo huonekana imekufa, ilhali kwa ndani inafanya kazi kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfumo wa Linux ulipata utaratibu uitwao NAPI, ambao ulifanya kile ambacho mama yeyote mwenye busara angefanya. Hodi ya kwanza inapopigwa, hodi nyingine hunyamazishwa kwa muda, na mwenye nyumba hutoka mwenyewe kuwachukua wageni kwa makundi hadi baraza liwe tupu. Hapo ndipo hodi huruhusiwa tena.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kiendeshi, ambacho mafundi wengi hukiita draiva. Hii ni programu inayoufundisha mfumo wa tarakilishi namna ya kuzungumza na kadi ya aina fulani. Kadi nzuri yenye kiendeshi kibovu ni sawa na mgeni mwenye habari njema anayefasiriwa na mkalimani asiyejua lugha.

4.0 Uchunguzi Hatua kwa Hatua

Kwa ajili ya ufafanuzi, tuchukue mfano wa kubuni. Kuna chuo kidogo chenye ofisi Kileleshwa, si mbali na bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi. Sava yake moja hutunza usajili wa wanafunzi. Siku za kawaida haina tatizo. Siku ya mwisho ya usajili, ifikapo saa nne asubuhi, huduma inakatika kwa dakika moja, inarudi, kisha inakatika tena. Mkuu wa ofisi yuko tayari kununua sava mpya. Wanafunzi nao wanahofia kwamba asiyesajiliwa kufikia jioni hatafanya mtihani. Katika hali kama hii uamuzi wa haraka una gharama, na mara nyingi anayelipa si aliyeuamua.

4.1 Kutofuta Ushahidi

Silika ya wengi ni kuizima sava na kuiwasha. Mara nyingine huduma hurudi, na fundi husifiwa. Hata hivyo, kuzima na kuwasha huvirudisha vihesabio vyote kwenye sufuri. Ni sawa na kuosha chumba kabla ya mpelelezi kufika. Ikiwa hali inaruhusu, dakika mbili zitumike kwanza kunakili yaliyoandikwa na mfumo.

Kumbukumbu za mfumo, zinazosomwa kwa amri ya dmesg, kwa kawaida zitasema moja kati ya mambo matatu. Zaweza kusema kwamba kiungo kilikatika na kurudi, na hapo tunaelekea kwenye kebo, swichi au umeme. Zaweza kusema kwamba foleni ya kutuma imekwama. Linux ina mlinzi ambaye, kadi ikishindwa kutuma kwa sekunde kadhaa, huandika onyo na kuianzisha upya. Hapa tunashuku kiendeshi, kadi au namna inavyookoa umeme. Jambo la tatu ni kimya: hakuna lililoandikwa, ila pakiti zinapotea. Kimya hiki huelekeza kwenye pete iliyojaa au kichakataji kilicholemewa.

4.2 Kuhesabu

Amri ya ethtool, ikifuatwa na alama ya -S na jina la kadi, huonyesha vihesabio ambavyo kadi yenyewe huvitunza. Kosa la kawaida ni kusoma jumla na kushtuka. Sava iliyowaka mwaka mzima itakuwa na makosa kadhaa, na hayo si hoja. Linalofaa ni kusoma mara mbili, tuseme dakika kumi zikipita, na kutazama kipi kimeongezeka wakati wa tatizo na kipi kimetulia wakati wa amani.

Vihesabio viwili vinastahili kutofautishwa kwa makini. Cha kwanza ni cha fremu zilizofika zikiwa zimeharibika. Kila fremu hubeba namba ya uhakiki mwishoni mwake, na namba hiyo isipolingana na yaliyomo, kadi huitupa. Kihesabio hiki kikipanda, kasoro iko njiani kabla ya kufika kwenye sava. Cha pili ni cha fremu zilizofika salama zikakosa nafasi. Hiki kikipanda, njia ni nzima na kasoro imo ndani ya nyumba. Fundi aliyevisoma hivi viwili amekwisha kuigawa kazi yake katika nusu mbili, na nusu moja ameiacha.

4.3 Kebo na Swichi

Kebo ya shaba ya gigabiti 1 hutumia jozi zote nne za nyaya zilizomo, na urefu wake haufai kuzidi mita 100. Mwendo wa zamani wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Kwa hiyo kebo iliyovunjika jozi moja, labda kwa kukanyagwa na mguu wa meza, yaweza kufanya kazi vizuri kwa mwendo wa chini na kuyumba kwa mwendo wa juu. Fundi akiipima kwa kifaa cha zamani ataapa kwamba ni nzima.

Njia rahisi ya kutenga ni kubadilishana. Kebo ya sava ihamishiwe tundu jingine la swichi. Kasoro ikibaki na tundu la kwanza, swichi ndiyo yenye lawama. Ikihama pamoja na kebo, kebo ibadilishwe. Ikibaki na sava, uchunguzi uendelee ndani. Sharti ni moja, kwamba vitu viwili visibadilishwe kwa pamoja. Aliyebadilisha kebo, swichi na kadi asubuhi moja huenda akapona, lakini hatajua kilichomponya, na siku ugonjwa utakaporudi atanunua vyote vitatu tena.

4.4 Mapatano ya Mwendo

Kadi na swichi zinapounganishwa hupatana zenyewe mwendo wa kutumia, na kama zitazungumza na kusikiliza kwa wakati mmoja au kwa zamu. Tatizo la jadi hutokea upande mmoja ukilazimishwa kwa mkono na mwingine ukiachwa upatane. Ule ulioachwa haupati jibu, basi hudhani ni lazima kuzungumza kwa zamu, ilhali mwenziwe anazungumza apendavyo. Trafiki ikiwa ndogo hawagongani sana. Ikiongezeka, wanakatizana maneno na fremu zinaharibika. Huu ni mfano bora wa kasoro inayojificha siku ya utulivu na kujitokeza siku ya msongamano. Tiba ni kuziacha pande zote mbili zipatane zenyewe, na kwa gigabiti 1 kwenye shaba mapatano hayo ni sharti.

4.5 Pete na Hodi

Tuseme katika chuo chetu fremu zilizoharibika ni sufuri, ila zilizokosa nafasi zinapanda kwa maelfu. Sasa tunaitazama pete. Viendeshi vingi vya kadi za Intel za gigabiti 1 huanza na nafasi 256. Kwa fremu ndogo kabisa, kila moja ikichukua nanosekunde 672, pete hiyo hujaa katika muda usiofika sehemu moja ya elfu tano ya sekunde. Kichakataji kikichelewa zaidi ya hapo, wageni wanaofuata hawana pa kukaa. Kwa amri ya ethtool -G pete yaweza kuongezwa, kwenye kadi nyingi hadi 4,096, na muda huo ukaongezeka mara kumi na sita.

Hata hivyo, baraza kubwa halipiki ugali. Ikiwa mpishi ndiye aliyelemewa, baraza kubwa litarefusha tu kungoja. Ndiyo maana faili ya /proc/interrupts itazamwe pia. Mara nyingi itaonekana kwamba kati ya vichakataji vinane, kimoja tu ndicho kinachoitikia hodi zote, na vingine saba vimekaa. Kadi nyingi za kisasa zina foleni kadhaa, na kila foleni yaweza kupewa kichakataji chake. Kazi ikigawanywa hivyo, sava iliyodhaniwa kuwa ndogo hugundulika kuwa inatosha.

4.6 Kiendeshi, Usingizi na Joto

Ikiwa kumbukumbu zilitaja foleni iliyokwama, yatazamwe mambo matatu. Kwanza, toleo la kiendeshi, na kama mtengenezaji ametoa marekebisho. Pili, uokoaji wa umeme. Baadhi ya kadi huruhusiwa kusinzia kidogo pasipo na kazi, na zipo ambazo huamka vibaya. Kadi ya Intel ya 82574L ilijulikana kwa hili, na mafundi wengi waliizuia kusinzia kwa kuzima utaratibu uitwao ASPM. Tatu, kazi ambazo kadi imepewa kwa niaba ya kichakataji, kama vile kukata data kubwa kuwa pakiti. Kazi hizi zaweza kuzimwa moja moja kwa majaribio, ili ionekane ni ipi inayoambatana na kukwama.

Joto nalo lisisahaulike. Kadi za gigabiti 10 zinazotumia kebo ya shaba hupata moto sana, na vumbi likiziba mapangaboi, kadi itaanguka pale inapofanya kazi nyingi. Umeme unaoyumba pia huathiri swichi kabla ya sava. Swichi iliyowekwa nje ya kihifadhi umeme itazimika na kuwaka, na kumbukumbu za sava zitasema tu kwamba kiungo kilikatika.

4.7 Kupima kwa Mzigo

Baada ya kila badiliko, fundi hupima. Wengi hutumia ping na kuridhika. Kwa kawaida ping hutuma pakiti moja ndogo kila sekunde, ilhali tumeona kwamba kebo ya gigabiti 1 yaweza kubeba zaidi ya milioni. Kuipima sava yenye shughuli nyingi kwa ping ni kama kulipima daraja kwa kumpitisha kuku. Inafaa mzigo wa kweli uigizwe, kwa programu kama iperf, usiku wakati wateja hawapo, na vihesabio visomwe tena.

5.0 Visa Viwili vya Kukumbukwa

Mwaka 2008, toleo la 2.6.27 la kiini cha Linux lilipokuwa likifanyiwa majaribio, kadi za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e zilianza kufa. Kumbukumbu yao ya kudumu ilikuwa ikiandikwa upya kwa takataka. Lawama ilikielekea kiendeshi, kwa sababu kilikuwa karibu na maiti. Mwezi wa Oktoba ilibainika kwamba mkosaji alikuwa sehemu nyingine kabisa, yaani programu ya kufuatilia mwenendo wa kiini chenyewe, ambayo ilikuwa ikiandika mahali pasipo pake. Chombo cha uchunguzi ndicho kilichokuwa kikiua.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2013. Mhandisi Kristian Kielhofner wa Marekani alieleza kuhusu mashine za simu za intaneti ambazo kadi zao za 82574L zilikufa bila utaratibu unaoonekana, na hazikufufuka hadi umeme ukatwe kabisa. Baada ya uchunguzi mrefu aligundua kwamba fremu iliyokuwa na thamani fulani katika baiti moja maalumu iliiua kadi. Hesabu ya mzigo haikuhusika, ila simu zikiwa nyingi uwezekano wa fremu hiyo kupita uliongezeka, na kwa hiyo ilidhaniwa kwamba kadi inachoka. Intel ilijibu kwamba chanzo kilikuwa usanidi usio sahihi uliowekwa na mtengenezaji mmoja wa ubao mkuu, na si kasoro ya kadi zote za aina hiyo.

Visa hivi vina funzo moja. Katika cha kwanza aliyekuwa karibu na tukio alilaumiwa bure. Katika cha pili, wingi wa kazi ulilaumiwa bure. Katika vyote viwili, ukweli ulipatikana kwa mtu kukataa kuridhika na maelezo yanayotosha tu kumaliza mazungumzo.

6.0 Suala la Istilahi

Msomaji atakuwa ametambua kwamba maelezo haya yametumia maneno ya namna tatu. Yapo ya kukopwa kama vile sava, kadi, kebo, swichi na fremu. Yapo yaliyoundwa, kama vile kichakataji, kiendeshi na tarakilishi. Na yapo ya nyumbani ambayo yamepewa kazi mpya, kama vile pete, mlinzi na hodi.

Mjadala wa istilahi katika vyuo vyetu mara nyingi huishia katika kupigania kundi moja dhidi ya jingine. Wenzetu wa Tanzania husema seva na kompyuta pale sisi tunaposema sava na tarakilishi, na tofauti hiyo haijamzuia fundi yeyote kuelewana na mwenzake. Kazi ya kutafsiri programu nzima si ngeni pia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Yaliyotafsiriwa, hata hivyo, yalikuwa maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo. Maneno ambayo fundi huyatumia kufikiri, anapotenga fremu iliyoharibika na fremu iliyokosa nafasi, bado hayajakusanywa ipasavyo.

Kwa maoni yetu, kigezo cha istilahi nzuri ya fani hii ni iwapo inamsaidia mtu kutofautisha vyanzo. "Mtandao umepotea" ni Kiswahili sanifu kabisa, lakini hakitofautishi chochote. "Kiungo kimekatika," "foleni imekwama," "pete imejaa" ni kauli fupi vilevile, na kila moja inampeleka fundi mahali tofauti. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti angefanya vyema kwenda kwa mafundi na kuandika wanavyosema wao kwa wao kazi inapokuwa mikononi, kabla ya kuwaundia maneno wasiyoyahitaji.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba katika Nairobi ya leo msongamano wa data mara nyingi umehama kutoka njiani hadi mlangoni pa sava, na kwamba kadi ya mtandao ndiyo inayosimama mlangoni hapo. Tumeonyesha namna ya kuichunguza: kutunza ushahidi, kuhesabu, kutenga njia na nyumba, kubadilisha jambo moja kwa wakati, na kupima kwa mzigo wa kweli. Katika mfano wa chuo cha Kileleshwa, pete ilipanuliwa na hodi zikagawanywa, na hapakuwa na haja ya sava mpya. Matokeo yangeweza kuwa kebo, swichi au vumbi. Njia ya kuyafikia ingekuwa ile ile.

Hatimaye, mwanafunzi anayeambiwa kwamba mtandao umepotea, au mwananchi anayeambiwa kwamba sava imelala, ana haki ya kuuliza ni nini hasa kilichotokea, na kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Jibu hilo linawezekana kwa Kiswahili. Linalotakiwa ni anayejibu awe amehesabu kabla ya kusema.